Tundu kwenye Gauni la Bluu

"Hata kuku huruka ukuta, Fundi, sembuse cheche!"

"Mama, nisikilize. Nilikuwa nachomelea geti huko nyuma, nimeupa ua mgongo. Cheche zije huku kutafuta nini? Zimealikwa?"

"Usinifanyie mzaha! Gauni la watu hili. Mpambe wa bibi harusi anakuja kulichukua kesho asubuhi. Nimwambie nini? Kwamba gauni limepata kidonda?"

Mama Sindano, mshonaji wa chumba cha mbele, alikuwa amelikunjua gauni la bluu iliyokoza mbele ya uso wa Fundi Cheche, kama askari anayeonyesha ushahidi. Kwenye sketi, chini kidogo ya kiuno, palikuwa na tundu. Halikuwa kubwa, kidole gumba kingepita kwa shida. Lakini kwenye nguo ya harusi, tundu dogo huonekana kuliko bibi harusi mwenyewe.

Ua ulikuwa umejaa watu. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, na ua huo ulikuwa na bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo na masikio yasiyohesabika. Mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, chumba cha kwanza wanamwambia pole. Kwa hiyo ugomvi ulipoanza, waliokuwa wanafua waliacha kufua, waliokuwa wamelala wakaamka, na aliyekuwa anaoga akatoka na mapovu masikioni asije akapitwa.

Mtu mmoja tu hakusogea. Alikuwa msichana wa darasa la sita, amekaa kwenye ngazi ya chumba chao na beseni miguuni, akimenya kiazi ambacho kilikwisha kumenywa zamani. Mtaa mzima walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila asubuhi alifagia ua huku akitangaza habari: nani amechelewa kurudi, nani amenunua viatu, paka wa nani ameiba samaki wa nani. Leo Chiriku alikuwa kimya kama mtungi.

Alikuwa na sababu. Chiriku alijua tundu lile limetoka wapi.

Aliishi pale na mama yake mdogo, ambaye alikuwa anasomea shahada ya uzamili chuo kikuu. Majirani walipomuuliza anasomea nini hasa, aliwajibu, "Hesabu za mistari iliyopinda."

"Miaka yote hiyo ya shule," alishangaa Fundi Cheche, "bado hajamaliza iliyopinda? Ataifikia lini iliyonyooka?"

Ua ulicheka mpaka basi, na mama mdogo alicheka kuliko wote. Kisha alichukua chaki, akainama, akachora sakafuni mstari unaoshuka na kupanda kama bakuli lililokatwa katikati.

"Huu unaitwa parabola," alisema. "Tuseme ni kioo, nawe ukielekeze kwenye jua. Mwale ukigonga hapa pembeni, au pale chini, au popote, unarushwa mahali pamoja tu. Pale panaitwa kitovu. Ni kama watu wa nyumba hii wakisikia kifuniko cha sufuria: watoke chumba chochote, wote wanakutana pale pale."

Siku hiyo walimwelewa. Tangu hapo walimwita Profesa, na Fundi Cheche mwenyewe ndiye aliyemkunjia nondo akifuata mstari ule wa chaki, akamchomelea fremu pana kama karai la kuogeshea mtoto. Mama mdogo na Chiriku walibandika ndani yake vipande vya kioo. Ukiliweka jiko hilo kwenye jua kali, sufuria ikakaa kwenye kitovu, maji yalichemka bila kuni wala mkaa. Zahanati ya jirani ilikuwa imekubali kulijaribu jiko hilo kwa kuchemshia maji ya wagonjwa, mara tu mama mdogo atakapokamilisha utafiti na kuthibitisha kwamba ni salama. Sharti la usalama lilikuwa moja: kazi ikiisha, jiko ligeuziwe ukuta na kufunikwa gunia.

Asubuhi ya siku hii ya ugomvi mama mdogo alikuwa ameenda maktaba ya chuo. Chiriku na rafiki yake walilifunua jiko ili wajitazame. Ukisogea karibu na kioo kile, uso unakuwa mkubwa ajabu. Pua ya Chiriku ilikuwa kama biringanya, meno ya rafiki yake kama ya farasi. Waligeuza kioo huku, wakageuza kule, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mara sauti ikalia bombani: "Maji yametoka!" Na maji ya pale hayasubiri mtu. Waliruka na ndoo, wakaacha kioo kimeelekea juani, na kitovu chake kikaangukia kwenye kamba ya nguo.

Chiriku aliporudi, rafiki yake alikuwa ameshakwenda kwao na ndoo yake. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye gauni la Mama Sindano. Alilibana kwa mikono iliyolowa mpaka moshi ukakatika. Halafu akaligeuzia jiko ukuta, akalifunika gunia, akalinyoosha vizuri kama vile halikuguswa na mtu. Nyuma ya ukuta, mashine ya Fundi Cheche ilikuwa inanguruma.

Hakumsingizia mtu. Alinyamaza tu. Na alijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo.

"Kwani Chiriku yuko wapi?" mtu mmoja aliuliza sasa. "Yeye ndiye redio yetu. Chiriku, hukuona kitu?"

"Nilikuwa bombani," alijibu bila kuinua macho. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, lakini aliendelea kumenya kiazi kile kile.

Hapo Bibi mwenye nyumba akatoka chumbani kwake, fimbo mkononi, miwani kwenye paji la uso. Alilitazama gauni, akamtazama fundi.

"Mwanangu, mara ngapi nimesema? Moto na nguo havikai ua mmoja. Leo gauni, kesho nyumba yangu. Asubuhi mashine yako itoke hapa."

"Bibi, niipeleke wapi? Kazi zangu zote ziko hapa. Wateja wananijua hapa."

"Nimeshasema."

Yule mtu wa maneno mengi, aliyekuwa na utani wa kila jambo, alivua glavu zake, akazipanga moja juu ya nyingine, akabaki anazitazama. Kisu cha Chiriku kikateleza, kiazi kikatumbukia majini.

Mama mdogo alimkuta fundi katika hali hiyo, aliporudi na mkoba wake wa vitabu begani. Alisimuliwa yote na watu watano kwa pamoja. Aliomba gauni, akaliinua kwenye mwanga.

"Mama Sindano, cheche huacha vitobo vingi vidogo, kama pilipili manga iliyomwagika. Hapa kuna tundu moja. Na ona huu mchirizi wa kuungua unaoanzia kando yake. Kilichochoma hapa kilikuwa kinatembea, polepole sana."

"Kitu gani hicho kinatembea juu ya nguo?"

"Jua. Jua likisogea angani, na kitovu kinasogea."

Alikwenda kwenye jiko lake, akatoa gunia, akanyoosha mkono kutoka kwenye kioo mpaka kwenye kamba. Urefu ulikuwa ule ule wa kutoka kwenye kioo mpaka kwenye sufuria. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Fundi hana kosa," alisema. "Kosa ni langu. Labda leo sikuligeuza vizuri. Au gunia halitoshi, mwanga unapata njia. Nami nimeandika kwamba likifunikwa ni salama kabisa! Itabidi nimweleze mwalimu wangu chuoni. Na zahanati niwaambie wasilichukue. Siwezi kuwapelekea wagonjwa kitu kinachochoma nguo kikiwa kimefunikwa."

Bibi alifuta amri yake kuhusu mashine. Fundi alikuwa amepona. Hakuna aliyemtazama Chiriku, wala hakuna ambaye angemuuliza tena. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea na viazi vyake.

Lakini mama mdogo alitoa bisibisi mkobani, akaanza kufungua skrubu za jiko moja moja.

"Mama mdogo, usifungue!"

Watu wote waligeuka. Chiriku alikuwa amesimama, maji ya viazi yakimdondoka vidoleni.

"Hukukosea. Uliligeuza vizuri. Gunia nalo lilikuwa sawa. Ni mimi niliyelifunua tujitazame pua. Tukakimbilia maji, nikaliacha. Nilirudi nikakuta moshi, nikauzima, nikalifunika tena ili mtu asijue."

"Chiriku!" Bibi alishika kifua.

Fundi Cheche alimgeukia. "Na mimi nilikuwa nafukuzwa," alisema taratibu, "wewe umekaa pale unamenya viazi?"

Hilo lilimuuma kuliko bakora. Machozi yalimtoka Chiriku bila kuomba ruhusa. "Nisamehe, fundi. Nilisema moyoni kwamba sikukutaja."

"Hukunitaja, kweli. Uliniacha nitajwe." Alipumua, kisha akatikisa kichwa. "Nimekusamehe. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba cheche zangu zina mabawa."

Mama mdogo aliirudisha bisibisi mkobani. "Sawa. Lakini kwenye kazi yangu hatuishii kwenye maneno, hata yakiwa ya kukiri. Tujaribu."

Walitundika kwenye kamba kitambaa kikuukuu cheusi. Chiriku aligeuza kioo kama alivyokiacha asubuhi, mama mdogo akakisogeza kidogo kulifuata jua. Ua mzima ulisubiri, shingo zimenyooka. Nukta ya mwanga ilikaa kwenye kitambaa, harufu ikaja, moshi ukaja, tundu likafunguka. Jua liliposogea, mchirizi ukaanza kujichora kando, mfano wa ule wa kwenye gauni. Kisha wakakigeuzia kioo ukuta, wakakifunika, wakatundika kitambaa kingine. Hakikupata hata joto.

"Hesabu imethibitika!" Mama mdogo alicheka, na Chiriku akaona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua mzigo. "Ila nitaongeza jambo moja. Fundi, unitengenezee komeo, kioo kisigeuzwe na mikono ya kila mtu."

"Hasa mikono yenye pua kama biringanya," alisema Fundi, na ua ukaangua kicheko.

Mama mdogo alimvuta Chiriku karibu. "Sikia, mwanangu. Kuacha kioo wazi ni uzembe, na uzembe unarekebishika. Kuficha ndiko kulikotaka kutuangamiza. Kosa lililofichwa halikai peke yake. Fundi alikuwa anapoteza mahali pake pa kazi, mimi nilikuwa navunja kitu kizuri, na wagonjwa wangekosa maji yaliyochemshwa. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Na kunyamaza huku mtu mwingine anaumia kwa kosa lako, huo nao ni uongo."

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Bado," Mama Sindano alidakia. "Ataelewa akimaliza kazi. Tundu hili nitalifunika kwa maua ya kitambaa, na petali zote atakata yeye. Leo hachezi."

Chiriku alikaa miguuni pa Mama Sindano akakata petali mpaka vidole vikamuuma. Karibu yao, viazi vilichemka kwenye jiko la jua. Maua yalipopangwa kutoka kiunoni kushuka, gauni lilipendeza kuliko lilivyokuwa, na Mama Sindano alilitazama akajisifu bila aibu. Kisha akamwona Fundi Cheche akivaa glavu zake, anaelekea nyuma ya ukuta.

"Fundi! Unakwenda wapi?"

"Kwenye geti la watu, mama."

"Geti halina njaa." Aliinuka, akajikung'uta nyuzi, na sauti yake ikalainika. "Nimekukosea mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe, baba. Chiriku, epua sufuria, ulete na sahani. Fundi, vua hizo glavu, nawa mikono, uingie ndani tule."