Debe la Calist

Ezekieli alikuwa akipepeta alizeti. Tangu mkewe afariki, yeye ndiye mkulima, ndiye mpishi, na watu wakaongeza: ndiye mgomvi wa kijiji.

"Calist mnunuzi ananipunja!" alimwambia jirani yake Sikudhani, mwandishi wa kikundi cha wafuga nyuki.

"Shikamoo kwanza, Baba Happiness."

"Marahaba. Viongozi walituahidi mizani. Picha ya uzinduzi tuliiona, mizani hatujaiona."

"Debe la Calist linachukua kilo ngapi?"

"Nitajuaje? Haliachi. Hata chooni anakwenda nalo. Na leo mchana anakuja kupima alizeti yangu yote. Akinipunja tena, nitauza mpaka mbegu."

"Jana alipimaje?"

"Mizigo miwili. Niliipitisha kwanza kwenye mizani ya jiko la shule. Wa kilo kumi na nane ulitoa debe moja na visado viwili. Wa kilo arobaini na sita na nusu ulitoa madebe matatu na visado vitatu."

Sikudhani alichukua kalamu.

"Hatujui debe, hatujui kisado. Tuanze na mzigo mdogo. Debe moja ni kilo kumi na nane, toa visado viwili. Sawa?"

"Sawa."

"Njoo mzigo mkubwa. Kila penye debe, liondoe, weka maneno hayo badala yake. Madebe matatu ni nini?"

Ezekieli alihesabu vidole. "Kilo hamsini na nne, toa visado sita."

"Ongeza vile visado vitatu vya mzigo."

"Hamsini na nne, toa visado vitatu tu."

"Na mizani ilisema?"

"Arobaini na sita na nusu. Basi visado vitatu ni kilo saba na nusu. Kisado ni mbili na nusu!"

"Rudi mzigo mdogo."

"Visado viwili ni kilo tano. Kumi na nane toa tano... Kumi na tatu!" Ezekieli alisimama. "Visado vinne ndiyo debe, hata mtoto anajua. Ni kilo kumi! Kilo tatu anakula bure kila debe!"

"Hakikisha kwa mzigo mkubwa."

"Madebe, thelathini na tisa. Visado, saba na nusu. Jumla arobaini na sita na nusu. Namkamata!"

Mchana Calist alifika na debe lake na kisado, na akina mama wa jirani wakakusanyika. Mwenyekiti wa kijiji alisimama kando, kofia kichwani, akiangalia tu, kama kawaida.

"Jaza debe kwa visado vinne," alisema Ezekieli.

"Mzee, unanichelewesha."

"Jaza!" akina mama walipiga kelele.

Vinne vikaingia. Debe halikujaa. Cha tano kikaingia. Bado! Kitako cha debe kilikuwa kimegongwa kikatokeza nje.

"Debe lina mimba!" alipaza sauti Dorika, mama wa nyumba ya pili. Watu wakacheka mpaka machozi.

Mwenyekiti alikohoa. "Mimi nilishuku zamani."

"Ulishukia wapi, chini ya kofia?" aliuliza Ezekieli.

Siku hiyo kijiji kilikata shauri: alizeti itauzwa kwa kilo, kwenye mizani ya shule. Calist alinunua kwa kilo. Kila mzigo ambao angeuita madebe kumi ulihesabiwa kilo mia na thelathini, yaani madebe halali kumi na tatu. Ezekieli aliuza alichotaka, akafunga magunia mawili ya mbegu, akayabeba ndani mwenyewe huku akina mama wakimpigia vigelegele.