Mara Ishirini Asubuhi, Ishirini Jioni

Goti la Mauwa lilikataa kukunjika, na katika kambi yote ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ni mtu mmoja tu aliyejua kwa nini. Mtu huyo alikuwa Feza, binti yake wa miaka kumi na miwili.

Mauwa, mfanyabiashara aliyetoka Kindu, Zaire, alianguka kutoka kwenye lori akirudi na karanga kutoka soko la Nathenje. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Hospitalini Lilongwe walimfunga plasta kutoka paja hadi kifundo. Ilipofunguliwa baada ya wiki nane, mguu ulikuwa umenyooka kama mpini wa jembe.

Jirani yao Védaste, Mnyarwanda, ndiye aliyewaonyesha mazoezi. Kabla ya vita alisoma chuo kikuu miaka miwili, akijifunza jinsi mwili wa binadamu unavyojongea na jinsi mazoezi yanavyoujenga.

"Miaka miwili unasomea kutembea?" alicheka Asani, mtoto wa nyumba ya pili. "Mi nilijua kutembea bila masomo!"

"Siku utavunjika njo utaniita," Védaste alimjibu.

Alizungusha uzi kwenye paja la Mauwa, akaufunga fundo pale ulipokutana, kuweka alama ya unene wake. Kisha akamwambia Feza, "Shika kifundo, kunja polepole. Mara ishirini asubuhi, ishirini jioni. Kiungo kisichokunjwa kinakakamaa. Kikikakamaa kabisa, hakirudi." Kesho yake akaenda mtaa wa Area 23, Lilongwe, kuchanganya saruji, kazi ya wiki tatu.

Siku ya kwanza Feza alikunja mara nne. Mara ya tano goti lililia *kah!* Mama yake akapiga kelele, akauma kitambaa. Feza aliachia mguu. Aliona wazi kwamba amevunja mfupa tena. Baba alikuwa amebaki Zaire. Mama akilemaa, nani atawalisha?

Asubuhi iliyofuata alisema, "Mama, kaka Védaste alisema ukisikia maumivu tupumzishe kwanza."

"Asante Mungu," alisema Mauwa. "Unge­endelea ungeniua, mwanangu."

Lakini kila siku Feza alichora mistari ya mkaa ukutani nje, ishirini na ishirini, ili Védaste akirudi aione. Kila mstari ulimzidishia hofu. Alilala vibaya. Mama alipojaribu kusimama na mguu ukabaki umenyooka, Feza alitoka nje asione.

Védaste alirudi siku ya ishirini na mbili.

"Mulifanya?"

"Ndiyo, kaka. Ishirini asubuhi, ishirini jioni." Alionyesha ukuta.

Védaste alizungusha uzi uleule pajani. Safari hii ncha ilipita fundo kwa upana wa vidole viwili. Paja lilikuwa limekonda. Akajaribu goti. Halikusogea.

"Mama Feza, huyu mtoto alikukunja?"

"Si we ulisema tupumzishe?"

Wote wawili wakamtazama Feza.

"Goti lilifanya *kah*!" Alilia. "Nilifikiri nimekuvunja, mama. Niliogopa kukuambia, kisha nikaogopa zaidi."

"Ule mlio ulikuwa wa kawaida," alisema Védaste. "Kiungo kilicholala kinalia kikiamka. Sikukuambia. Hilo ni kosa langu. Nilimpa mtoto kazi nzito nikaondoka. Lakini kliniki ya kambi iko pale, Feza. Mbona hukuuliza?"

Feza alichukua kitambaa, akaanza kufuta mistari ukutani.

Wiki mbili walijaribu, na goti lilikataa. Ikabidi warudi Lilongwe. Daktari alisema atamlaza Mauwa usingizi kwa dawa na kulikunja goti kwa nguvu, na kwamba mfupa ungeweza kuvunjika. Feza alikaa kwenye ukumbi, mikono masikioni, akisubiri mlango ufunguke. Ulipofunguka, mama yake alikuwa bado amelala, na mfupa ulikuwa mzima.

Jioni Mauwa alimwita karibu na kitanda.

"Sikukasirika kwamba uliogopa. Hata mimi niliogopa. Lakini ungesema siku ileile, tungeogopa wawili na tungeuliza. Ulidanganya, na mguu haujui kudanganya. Kitu kikikushinda, sema kimekushinda, hata kama utapigwa."

"Utanipiga?"

"Nitakupa kazi. Shika kifundo."

Feza alishika. Mama alipiga kelele. Feza alilia, akaendelea mpaka ishirini.

Mauwa alitembea tena bila fimbo. Wiki tatu za uongo ziliwagharimu miezi saba ya mazoezi na safari tano za Lilongwe. Goti lilirudi nusu tu. Mauwa hawezi kusujudu, anaswali akiwa ameketi kitini. Hawezi kuchuchumaa kupima karanga, na Nathenje hakurudi tena. Feza alikosa muhula mmoja wa shule, kwa sababu mtu wa kuchota maji alikuwa yeye peke yake.