Taa Iliyozibwa Mdomo

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule, Akello alimpelekea baba yake uji kwenye gereji yao mjini Litein. Jumamosi moja, baba huyo, Fundi Obiero, alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana.

"Nyathina, mtoto wangu," alisema, "weka ile programu mpya ya kupima magari kwenye kompyuta. Usichomeke kebo ya kuunganisha gari kabla haijamaliza kujiweka! Kisha unganisha pikapu ya mteja wetu, Mama Muturi, usome ina hitilafu gani. Kusoma tu, usiguse kingine."

Akello alikuwa na haraka. Alichomeka kebo mapema, Windows ikakataa kuitambua. Akaiondoa programu, akaanza upya, safari hii akisubiri mpaka mstari wa kijani kwenye skrini ujae. Akaunganisha pikapu. Maandishi yakatokea: injini inapata joto kupita kiasi. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kufuta onyo hilo.

Kwa haraka yake, akakibonyeza. Taa ya injini iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi ikazimika.

Mama Muturi akarudi mbio kuchukua gari lake. Magunia ya majani mabichi ya chai yalikuwa yamejaa nyuma ya pikapu, na kiwanda kilikuwa kikiyasubiri.

"Taa imezima! Umeitengeneza?"

"Ndiyo. Iko sawa."

"Haka kasichana kana akili! Fundi, utafute kazi nyingine, kamekushinda!"

Baba hakusikia, nyundo yake ilikuwa ikipiga kelele. Mama Muturi akawasha injini. Akello akaufikiria ule mlima wa kwenda kiwandani, na injini ikichemka katikati yake. Akakimbia mbele ya gari, mikono ameitanua.

"Simama, Mama Muturi! Sijatengeneza chochote. Nimezima taa tu!"

Baba akatoka chini ya lori, uso mweusi kwa oili. Akafungua boneti. Bomba la rejeta, lile la maji ya kupoza injini, lilikuwa limepasuka, maji yanadondoka. Akaanza kufunga jipya.

"Chai yako itanyauka kwa sababu yangu," Akello akasema, machozi yakimlengalenga.

"Heri inyauke hiyo kuliko mimi," Mama Muturi akajibu, akimfinya shavu.

Pikapu ilipoondoka, baba akamgawia Akello uji.

"Gari lilikuwa linalia, wewe ukaliziba mdomo. Kuzima taa si kuponya ugonjwa. Lakini mdomo wako mwenyewe hukuuziba, ingawa Mama Muturi ameniambia alikuwa akikusifu. Hiyo ndiyo kazi ngumu, nyathina." Akamsogezea kompyuta. "Haya, unganisha hili lori. Kusoma…?"

"Kusoma tu, Baba!"