Kitambaa cha Mgeni

Ubaya wenyewe ulianza na pweza.

Bi Mastura wa Mabawa, ambaye hakuwahi kutia pweza mdomoni tangu alipokuwa mwari, aliketi mkekani mchana ule, akavuta sahani ya mkwewe, akala. Akalamba na vidole. Samiha alimtazama, mkono juu ya tumbo la mimba yake ya kwanza, maana pweza yule wa nazi alikuwa wake. Mimba ilikuwa haitaki ale kingine.

"Mama," mwanawe Nasri alimwuliza kwa sauti ya chini, "na mgeni wako je?"

"Sijui, mwanangu. Tangu jana najiona mwepesi, kama niliyetuliwa mzigo wa kuni."

Mgeni alikuwa jini. Alimpanda Bi Mastura ujanani, akamlaza kitandani hata watu wakaanza kunong'ona habari za sanda. Kilingeni kwa mganga Bi Mastura akapewa masharti ya jini huyo: mwenye kupandwa asile pweza, na mgeni awe na nguo yake. Bi Mastura akasimamishwa, akapimwa kitambaa chekundu toka utosini hadi unyayoni, kikakatwa, kikatiwa kashani. Kila Alhamisi hukifukiza udi. Mgeni naye akatulia, wakaishi naye kama watu wanavyoishi na mpangaji mkorofi.

Nasri aliyajua hayo yote tangu utotoni. Ndiyo maana pweza yule alimtia hofu, kwa kuwa juzi mama yake alipokwenda hitimani Pongwe, yeye alilifungua lile kasha.

Kazi yake iliwachekesha watu. Aliwatengenezea Wazungu vijumba, mitaa mizima ya kukaa juu ya meza, ambamo wao hupanga vijiaskari vya kimo cha kidole na kupigana vita kwa kurusha dadu. "Mtu mzima na ndevu zake anacheza na vinyago," majirani walimtania. Kuta na mabati hayakumsumbua. Kilichomtesa ni nguo. Kitambaa cha kawaida, hata ukikate kidogo namna gani, hakianguki kama nguo ya mtu. Mikunjo yake husimama, na uzi mmoja huonekana mnene kama kamba ya ng'ombe. Kwa hiyo alitumia karatasi laini, akaichovya katika gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, akaikunja kwa kibano na kuiacha ikauke. Mteja wake wa Ujerumani akasema ni karatasi, na karatasi haitaki.

Basi akakumbuka kitambaa cha kashani, kilichochakaa hadi kikawa chembamba kama ganda la kitunguu. Kwanza, miezi kadhaa nyuma, alikata ncha tu, akamfunga mwanamke wa udongo mbeleko yenye mtoto mgongoni, akampeleka posta kuwa mfano. Mteja alipompokea alifurahi kupita kiasi. Ndipo juzi Nasri akakata kilichobaki chote, mapazia, vifuniko vya meza za sokoni, vijikanzu vya kuanikwa kambani. Mambo ya wazee, alijiambia, na mkasi ukaenda.

Baada ya chakula kile cha pweza alirudi chumbani kwake kufanya kazi. Jua lilikuwa la utosi na dirisha limefungwa ili vumbi lisiingie. Harufu ya udi ilikuwa imejaa humo, na hakuna aliyewasha chetezo. Akainama juu ya mtaa wake mdogo, na pale kwenye kamba nyembamba akaona vijikanzu vyekundu, ambavyo gundi ilikuwa imevikausha vikawa vigumu kama kucha, vinapepea polepole, vinajaa na kunywea, vinajaa na kunywea, kama kwamba kuna mtu amelala karibu navyo anapumua, na alipozuia pumzi zake mwenyewe vile vikaendelea.

Akakimbilia kwa mkewe. Samiha alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, anapima tumbo lake kwa kidole, toka kitovuni kupanda juu, kisha anarudia, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyeridhika na fundi wake.

"Inamtosha," alisema.

"Nini, Samiha?"

"Nguo. Inamtosha." Kisha akazinduka, akamshika mkono kwa nguvu. "Nasri, mtoto hachezi. Tangu asubuhi hajacheza."

Nasri aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Akamwambia mama yake yote, huku analia.

Mganga Uweso, aliyeitwa na Bi Mastura, alifika kabla ya magharibi. "Shikamoo, babu," Nasri alimwamkia. Mzee aliitika marahaba, macho yake yako kwenye vijikanzu.

"Nguo ya jini hukatwa kwa kimo cha anayekaliwa," alinong'ona. "Wewe umemkatia ya kidole. Yeye kaelewa umempa kiti kipya, mwili mdogo wa kukalia. Na kiti cha kimo hicho humu ndani ni kimoja."

Samiha alijifunika tumbo kwa mikono miwili. Bi Mastura hakungoja. "Mrudisheni kwangu," alisema. "Mimi nimemzoea."

Wakabandua kila kipande, wakaviloweka katika maji ya moto hadi gundi ikatoka nyeupe kama tui. Bi Mastura akavishona mwenyewe, akasimama, akapimwa upya. Kitambaa kilifika kwenye kifundo cha mguu, kikakomea hapo.

"Vyote vipo?" Uweso aliuliza.

"Vyote," Nasri alijibu. Chumbani hapakubaki hata uzi mwekundu. Alikuwa amekagua hadi chini ya meza.

"Mishono imekula urefu," alisema Bi Mastura. "Endelea, mganga."

Udi ukafuka. Bi Mastura alitetemeka, akaanguka, akanguruma kwa sauti nzito iliyosahaulika nyumbani humo, na dakika ile Samiha akapiga ukelele, akacheka na kulia pamoja: mtoto amempiga teke.

Ijumaa iliyofuata walipika pweza tena. Bi Mastura aliisukuma sahani. "Ondoeni hicho," alisema kwa uchovu. "Mgeni hataki."

Nasri alishukuru Mungu kimoyomoyo. Alimwonea huruma mama yake, lakini alishukuru. Akamsogezea mkewe sahani ile.

Samiha aliitazama kwa muda mrefu, mkono tumboni, kisha akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Mgeni hataki," alisema.

Ndipo Nasri akamkumbuka yule mwanamke wa udongo, aliyesimama juu ya meza ya mtu huko Ujerumani, na mtoto wake mgongoni amefungwa ile ncha nyekundu iliyokosekana.