Jiwe Ndani ya Wali

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Serikali mpya haijamaliza hata mwaka. Mimi nimemaliza darasa la saba, niko nyumbani tu, Mlabani. Kazi yangu kuanika mpunga wa mama. Naumwaga chini, pembeni ya barabara. Jioni nauzoa harakaharaka, naenda zangu mpirani.

Siku moja mama akarudi sokoni na gunia lilelile alilokwenda nalo.

"Katarina kakataa mchele wangu! Siku hizi anapika mchele wa meli, wa kutoka nje."

Katarina ni mama ntilie, mnunuzi wetu mkubwa. Bila yeye, mdogo wangu Digna haendi sekondari.

"Serikali ifunge bandari!" nikasema.

"Ifunge leo!" mama akaitikia.

Jirani yetu Kabula, Msukuma anayefanya biashara ya mpunga, alikuwa anakula na sisi. Mara tukasikia, kwaa! Akashika shavu.

"Msukuma wewe," mama akamtania, "meno ya kutafuna michembe, viazi vikavu vile, yanashindwa na wali?"

Kabula akatema kijiwe kiganjani.

"Mama Digna, bandari ikifungwa, hiki kitatoka?"

Akakiweka pembeni ya sahani.

"Ushuru kwa mchele wa nje hata mimi nautaka," akasema. "Unatukinga wakulima. Lakini ukizidi sana, chakula kinapanda bei, na walaji ni sisi sisi. Zamani ushirika ulipima kilo tu. Jiwe nalo lilikuwa kilo! Sasa ni soko huria, mlaji anachagua. Mchele wenu unanukia kuliko ule wa meli. Anikeni kwenye turubai. Mbegu msichanganye. Mchele mpembue."

Mama akanigeukia. "Umesikia, mwanikaji?"

Nilisikia, jamani. Kabula akatuazima turubai lake. Mpunga uliobaki tukaupepeta na kuuanika upya. Wiki nzima mpira niliusikia kwa mbali tu.

Jumamosi mama akampa Katarina kilo mbili za kuonja, bure. Mchana huo Katarina mlangoni, jasho linamtoka.

"Odilia!" akamwita mama. "Watu wamenusa sufuria, wanauliza nimepika nini. Lete gunia. Na wiki ijayo lete!"

Januari Digna akaingia kidato cha kwanza. Siku ya kumuaga tulipika, tukamwita Kabula. Akatafuna polepole, kwa lile jino lililogonga jiwe, makusudi. Sote tunamwangalia mdomo. Akameza.

"Hamna kitu."

Mama akacheka, akamwongezea nyama.

"Asante, jirani. Jino lako ndilo limempeleka mwanangu shule."