Mkono wa Kuazima

Walimleta akiwa ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga, damu ikimchuruzika mpaka viatuni. Chumba cha majeruhi kilikuwa kimefurika jioni ile: mwanamke aliyepasuliwa mdomo na mumewe, dereva aliyerushwa kupitia kioo cha gari, vijana wawili waliokatana kwa chupa na bado wanatukanana kitanda kwa kitanda. Nesi wa zamu, gauni lake jeupe limeshaloa damu kifuani, alimwambia yule mgeni aiweke chini hiyo kompyuta ashonwe.

"Nikiiachia, naona na vidole vitaanguka nayo," alisema yule mwanamume, akajaribu kucheka.

Hakuwa anatania sana. Mwizi alimvizia kwenye ngazi za ofisi, akamchoma mkono wa kulia alipong'ang'ania begi, akachoma tena, na kisu kilipozama mara ya tatu kikakata mishipa ya vidole. Kompyuta nayo ilikuwa imetobolewa katikati ya kioo. Daktari alishona, nesi akamshikilia bega, na kila sindano ilipoingia yule bwana alimwangalia nesi, si kidonda. Wenzake walimwita Mtaalamu. Alikuwa mtunga programu, na kazi yake yote ilipita kwenye vile vidole ambavyo sasa havikunjiki.

Alirudi kufungwa kidonda. Akarudi tena, hata siku ambazo hakikuhitaji kufungwa.

"Bandeji hii ni safi," nesi alimwambia. "Umefuata nini?"

"Mkono wa kuazima. Nimenunua kompyuta ya mitumba, iko nyumbani, haina kitu ndani. Mimi nitasema, wewe utabonyeza."

Nesi alikwenda mchana wa siku yake ya mapumziko, kavaa gauni la njano lililombana kiunoni, viatu vya kisigino akavivua mlangoni. Chumba kilikuwa cha ghorofa ya pili: kitanda kilichotandikwa kwa mkono mmoja, meza, pasi nzito juu ya shati lililoungua kola. Mtaalamu alikaa nyuma ya kiti cha nesi, karibu kuliko ilivyohitajika, akamwelekeza kushusha na kuweka Python, lugha anayoandikia programu zake. Nesi alibonyeza harakaharaka, ndiyo, ndiyo, endelea. Kisha akaambiwa afungue kidirisha cheusi na kuandika jina la ile lugha. Kompyuta ikajibu kwamba haiitambui.

"Umeruka kiboksi kimoja cha kuweka tiki, mpenzi," Mtaalamu alisema. "Lugha imo ndani ya nyumba, ila kompyuta haijaonyeshwa chumba chake."

"Na hilo la mpenzi, limekutoka kwa bahati mbaya?"

"Hilo nimelipanga tangu juzi."

Wakarudia, safari hii bila kuruka kitu. Alimtajia mstari mmoja, herufi kwa herufi, nesi akauandika bila kujua utaleta nini, na kwenye weusi wa kidirisha yakatokea maneno: Karibu, nesi wangu. Alicheka mpaka akaegemea bega la yule mwanamume. Baada ya hapo simu hazikukatika. Nesi alimpigia akiwa stoo ya dawa, akimwita mgonjwa wangu, naye akimlalamikia vidole vilivyokuwa vikimuuma kwa kumkosa.

Furaha ilimfanya nesi awe na maneno mengi nyumbani. Aliishi na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba. Baba yao, enzi za uhai wake, alikuwa akiwapiga kwa mkanda wenye bizimu la chuma, na dada mtu alikuwa akimlalia mdogo wake juu ili mgongo wake ndio upokee. Wazazi wote wawili walishazikwa, wamebaki wao. Mezani alimsimulia habari za mpenzi wake, jengo lile, ile kompyuta, mlango usiofungwa mchana kutwa. Mdogo wake alitafuna, akauliza ni ghorofa ya ngapi.

Kijana alipokuja kuiiba ile kompyuta, alidhani dada yake yuko zamu. Aliusukuma mlango, kisu mkononi, akamkuta dada yake ameketi mbele ya kompyuta. Akaganda. Mtaalamu alimtazama usoni, rangi ikamtoka.

"Ni huyu," alisema. "Ndiye aliyenichoma."

Kijana alimrukia. Mtaalamu alikinga koo kwa mkono ule ule mbovu, mshono ukafumuka, damu ikaruka ukutani. Meza ilipinduka, kompyuta ikaanguka na kupondwa chini ya miguu yao. Nesi alimvuta mdogo wake kwa ukosi wa shati. Kijana akageuka, akamwona vizuri kabisa, akampiga ngumi. Pua ikavunjika. Akampiga ya pili. Hapo nesi alishika pasi, akaishusha kwenye kifundo cha mkono wenye kisu, akaishusha tena mpaka akasikia mfupa umelia. Kisu kikadondoka. Alimkokota Mtaalamu nje, akachomoa ufunguo na kufunga, kisha akaweka mgongo mlangoni huku mateke yakimtikisa mbavu.

"Dada, nifungulie," sauti ilisema ndani. "Mkono umevunjika, dada."

Hakufungua. Alilia, akapiga simu polisi, mgongo ukiwa palepale.

Mtaalamu aliyekuwa ameketi sakafuni alinyanyua kichwa. "Anakuita dada. Wewe ndiye uliyemwelekeza hapa."

Nesi alijaribu kueleza kwamba alijisifia tu mapenzi. Mtaalamu hakutaka kusikia. Polisi walipomchukua kijana, Mtaalamu alimwambia nesi aondoke, na asimguse hata kumfunga kidonda.

Simu zake hazikupokelewa tena. Mahakamani nesi alitoa ushahidi dhidi ya mdogo wake, pua imepinda. Kijana naye, mkono kwenye plasta, alikiri kila kitu. Alisema dada yake hakujua chochote, yeye ndiye aliyemchimba maneno. Mtaalamu alikuwa ameketi benchi la nyuma. Hakimu alimhukumu kijana kifungo cha miaka mingi gerezani.

Baada ya siku kadhaa simu ikaita.

"Nimenunua kompyuta nyingine," Mtaalamu alisema. "Nabonyeza kwa mkono wa kushoto. Nimekwama."

"Umekwama wapi?"

"Kila mahali. Nisamehe."

Alikwenda na gauni lake la kazi, moja kwa moja kutoka wodini. Mtaalamu aligusa ile pua kwa vidole visivyokunjika, taratibu, akasema anataka kumwoa.

"Mdogo wangu akitoka atakuja kwangu," nesi alisema. "Sitamfungia mlango mara ya pili."

"Kila nikimwota, namuua. Sitaki kukudanganya."

"Baba sina, mjomba sina. Mtu wa kupelekewa posa yangu ni yeye. Ukinitaka, uende gerezani, umwambie mwenyewe."

Mtaalamu alikwenda dirishani. Aliushika mkono wake wenye makovu kana kwamba si wake. Nesi hakumbembeleza.

"Wafungwa wanatembelewa siku gani?" Mtaalamu akauliza.