Bomba la Nyuma ya Tangi

Shule zilipofungwa, wenzake walilala hadi jua likawa kali. Redio kila asubuhi alibeba mkoba wa bisibisi na koleo akamfuata mama yake, fundi umeme, kazini. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia, na likizo hiyo mdomo huo ulikuwa na kazi moja tu: kulalamika.

Walikuwa wakifunga paneli za sola kwenye paa la zahanati. Kila siku ya chanjo, sista aliyeisimamia zahanati alilazimika kwenda hospitali kubwa na kisanduku cha barafu, kisha kurudi na dawa begani huku jasho likimtiririka. Sasa friji mpya ilikuwa imesimama ukumbini, bado imefungwa nailoni. Mkaguzi wa umeme angekuja alasiri, na akiridhika, friji ingewashwa jioni hiyohiyo. Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo.

Mama alikuwa na utaratibu wake, na huo ulimkera Redio kuliko hata jua. Nyaya zote za juu ya paa zilipita ndani ya bomba la plastiki la kujikunja. Kabla kipande chochote hakijapanda ngazi, Redio alitakiwa kusoma kwa sauti maandishi yaliyopigwa chapa ubavuni mwake.

"Soma!" mama alipaza sauti kutoka juu.

"Linastahimili jua, linastahimili maji, la matumizi ya nje!"

"Lete!"

Kipande baada ya kipande, maneno yaleyale.

"Mama, si ni bomba lilelile? Tutasoma mpaka lini?"

"Mpaka paa liishe. Soma!"

Adhuhuri bomba likapungua. Kilibaki kipande kimoja cha kupita nyuma ya tangi la maji hadi kwenye kisanduku cha swichi. Redio akatumwa dukani. Akarudi na bomba jembamba mno, nyaya hazikupita.

"Nilikwambia nene kama hili, mwanangu! Masikio umeyaacha wapi? Rudi. Na uangalie maandishi!"

Redio akarudi dukani akibamiza ndala. Muuza duka, naye amechoka kumwona, akakata kipande kutoka bomba jingine lililoviringwa pembeni. Rangi ileile, unene uleule. Redio akakichukua bila hata kuaga. Alipofika zahanati alijitupa kivulini, bomba mapajani, akaanza kukagua kidole chake cha mguu kilichochubuka.

"Soma!" mama akaita.

Hakulitazama. Maneno yenyewe alikuwa ameyakariri, yangeweza kumtoka hata usingizini. "Linastahimili jua, linastahimili maji, la matumizi ya nje!"

"Lete!"

Kazi ikaisha. Mama alipokuwa akinawa mikono, Redio aliokota mabaki. Kipande kifupi kilichokatwa mwishoni kikageuka mkononi mwake, na safari hii macho yake yalisoma yenyewe: *Kwa matumizi ya ndani tu.*

Akatazama juu, kwenye tangi. Alikitupa ndani ya ndoo na kukifunika kwa vipande vya waya. Nani angekwenda kuchungulia nyuma ya tangi?

Mkaguzi alifika akinung'unika. Alilalamikia ngazi, akalalamikia jua, akalalamikia mafundi wote aliokutana nao tangu asubuhi. Alipanda, akapapasa bomba hapa na pale, akashuka akijipangusa.

"Afadhali wewe, Fundi. Wengine wananipandisha presha. Na kile kipande cha nyuma ya tangi, sikukifikia. Ni aina ileile?"

"Ileile," mama akajibu bila kusita. "Kimesomwa."

Mkaguzi akatoa kalamu. Sista, uso umemkunjuka, akaanza kuivua friji nailoni.

Neno lile la mama likamrudia Redio masikioni. *Kimesomwa.*

"Sikukisoma," akasema.

"Unasemaje?" mama akageuka.

"Sikukisoma, Mama. Nilisema tu." Akafukua ndoo na kumpa kile kipande.

Mama alikisoma, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Redio! Ee Mungu wangu, Redio! Kazi yako ilikuwa kutazama tu!"

"Mnaona?" mkaguzi akafoka, akirudisha kalamu mfukoni. "Ndiyo maana nywele zangu zimeisha! Haya, nitarudi kesho asubuhi, nami nina kazi zangu!"

"Jamani, kipande kimoja tu," sista akasihi, nailoni mkononi. "Hakiwezi kukaa hata kwa muda?"

"Hakiwezi, Sista," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Bomba la ndani likikaa juani hukauka, likapasuka. Maji yanaingia, nyaya zinachubuka. Na jua likiwaka, nyaya za paneli zina umeme hata ukizima swichi. Cheche ikiruka pale, chini yake ni wodi yako."

Sista akairudishia friji nailoni yake.

Mama na Redio walikwenda dukani pamoja, wakapekua mabomba hadi wakapata lililo sahihi. Kabla giza halijaingia mama alikuwa amelitoa lile la ndani na kuvuta nyaya upya, akisonya muda wote. Asubuhi mkaguzi alipanda hadi nyuma ya tangi, akasoma mwenyewe, akatia saini. Friji ikaanza kunguruma.

Lakini friji mpya huchukua saa nyingi kupoa. Sista akaning'iniza kisanduku cha barafu begani na kwenda zake hospitali kubwa.

"Nimsaidie kubeba?" Redio akauliza.

"Mwache. Amekukasirikia, na ana haki. Hata mimi nimekukasirikia." Mama aliketi kwenye ngazi ya mlango na kumvuta karibu. "Jana ulisema kweli wakati kunyamaza kungekuwa rahisi. Hilo nimeliona, na nashukuru. Sasa nisikilize. Mkaguzi aliniamini mimi, na mimi nilikuamini wewe. Ukisema umetazama na hujatazama, hujanidanganya mimi peke yangu. Umemwambia kila mtoto atakayelazwa chini ya paa hili kwamba yuko salama, na wewe hujui kama ni kweli."

Nje, akina mama walikuwa wameanza kujipanga kwenye benchi, watoto mapajani, wengine wakiuliza sista yuko wapi. Redio aliwatazama. Kisha akatoka kuwaambia kwamba sista atachelewa, na kwamba aliyemchelewesha ni yeye.